Koo au Umio? Utambuzi na Upasuaji wa Saratani ya Umio Kisumu na Ufuo wa Ziwa Victoria

Utangulizi

Makala haya yanahusu ugonjwa mmoja na neno moja. Ugonjwa wenyewe ni saratani ya umio, ambayo kwa makadirio ya kimataifa huwapata Wakenya zaidi ya 4,000 kila mwaka, na idadi ya wanaouawa nayo haipungui sana idadi ya wanaougua. Neno ni koo. Magazeti huandika "saratani ya koo", matangazo ya mazishi husema marehemu aliugua koo, na mgonjwa anayeshuka kwenye matatu mbele ya hospitali kuu ya Kisumu, ile ambayo wenyeji huiita "Russia", husema vivyo hivyo: koo linanisumbua. Mwandishi hakusomea udaktari bali fasihi ya Kiswahili, na nia yake si kufundisha tiba. Nia ni kueleza jinsi ugonjwa huu unavyotambuliwa na kupasuliwa, na kuonyesha kwamba neno koo, tunalolitumia bila kufikiri, humpoteza mgonjwa njiani, kuanzia siku anapoeleza shida yake hadi siku anapotakiwa kutia sahihi ya kukubali kisu.

Kwamba ugonjwa huu ni wa eneo letu si habari ya jana. Mnamo 1969 watafiti Ahmed na Cook walichapisha katika jarida la saratani la Uingereza takwimu za saratani ya umio katika magharibi mwa Kenya. Mwaka 1971 Cook akaandika tena, safari hii kuhusu Afrika nzima, akidokeza uwezekano wa uhusiano baina ya ugonjwa huu na pombe zinazotengenezwa kwa mahindi. Ni sadfa ya kutajwa kwamba mwaka huohuo wa 1969, tarehe 25 Oktoba, ndipo hospitali hiyo ya "Russia" ilipofunguliwa rasmi na Rais Kenyatta. Ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, ndiyo asili ya jina lake la mtaani, na sherehe yake iliishia kwa risasi na vifo. Baadaye ilipewa jina la Jaramogi Oginga Odinga. Leo wataalamu huzungumzia ukanda mrefu wa saratani ya umio unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya na Malawi, hadi Afrika Kusini.

Koo na umio

Koo katika Kiswahili ni neno lenye nyumba kubwa. Linataja sehemu ya ndani ya shingo kwa jumla: panapouma mtu akipata mafua, panapotoka sauti, panapopita chakula, panapopita pumzi. (Tukiacha kando koo wa kuku, yule mtetea atagaye, na koo ambazo ni wingi wa ukoo. Mwanaleksikografia ana kazi ya kutosha hapo.) Katika maisha ya kila siku upana huo hauna madhara. Katika chumba cha daktari una madhara, kwa sababu shingoni mna mirija miwili. Mbele umo mrija wa hewa, wenye kikasha cha sauti juu yake. Nyuma yake umo umio, mrija wa misuli wenye urefu wa takriban sentimita 25, unaoanza chini ya koromeo, unaoshuka kifuani nyuma ya moyo na mbele ya uti wa mgongo, kisha unaopenya kiwambo na kuingia tumboni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umio haimo kooni kamwe. Imo kifuani.

Neno umio si la kubuniwa na kamati ya istilahi. Ni la kale na lina ndugu. Waganda wana omumiro, Wakikuyu wana mũmero, na mzizi wa majina hayo ni kitenzi cha Kibantu chenye maana ya kumeza, ambacho Luganda imekihifadhi katika okumira. Umio, basi, ni kimezeo, na maana yake imebebwa na umbo lake. Lakini mwanafunzi wa Kisumu hakutani nalo. Biolojia anafundishwa kwa Kiingereza, na Kiswahili anafundishwa kwa riwaya, ushairi na sarufi. Mwenzake wa Mwanza, aliyesoma sayansi ya shule ya msingi kwa Kiswahili, alilichora umio kwenye daftari akiwa bado mtoto. Ziwa ni moja, ila ufuo mmoja una neno na mwingine hauna.

Simulizi ya mgonjwa

Daktari hana kifaa cha kwanza zaidi ya simulizi. Anauliza, mgonjwa anasimulia, na katika saratani ya umio simulizi hiyo ina mpangilio ambao mwanafunzi wa fasihi angeuita msuko. Vyakula huondoka sahanini kwa zamu. Tumchukulie mvuvi wa Dunga. Kwanza ni nyama na tonge kubwa la ugali: linasimama kidogo kifuani, anashushia maji, linapita. Baada ya wiki chache anaanza kutafuna sana, anakula polepole, na anamaliza baada ya wenzake. Kisha ugali wenyewe unakataa, anahamia samaki laini na wali uliolainishwa kwa mchuzi. Halafu uji. Halafu maji tu. Mwishoni hata mate hayapiti, na mgonjwa hutembea na kikopo cha kutemea. Madaktari wana mizani ya daraja 5, kuanzia 0 kwa anayekula kila kitu hadi 4 kwa asiyemeza chochote, na mizani hiyo si kingine ila muhtasari wa simulizi hii.

Jambo la kutisha ni kwamba simulizi huanza ikiwa imechelewa. Umio ni mrija unaotanuka. Wa mtu mzima hufikia kipenyo cha sentimita 2 hivi. Shida ya kumeza vigumu haianzi hadi nafasi iliyobaki inaposhuka kufikia kama milimita 13. Ina maana kwamba siku ya tonge la kwanza kukwama, uvimbe umekwisha kukaa humo kwa muda mrefu kimyakimya. Kila juma linalopotea baada ya siku hiyo ni juma la deni.

Na majuma hupotea. Katika ufuo wa ziwa kitu cha kwanza kushukiwa ni mwiba wa samaki, na dawa ya mwiba inajulikana: meza tonge kubwa lisilotafunwa liusukume. Anayesema "koo linaniuma" hupewa dawa ya koo. Anayesema "kifua kinachoma" huweza kupewa dawa za vidonda vya tumbo kwa miezi. Tena eneo hili limebeba mzigo mkubwa wa virusi vya Ukimwi, na virusi hivyo huleta utando wa fangasi kwenye umio, ambao nao hufanya kumeza kuwe maumivu. Ni halali daktari kuufikiria, ila mgonjwa asiyepata nafuu kwa dawa ya fangasi hapaswi kuandikiwa dawa ileile mara ya tatu. Kukonda nako hufasiriwa. Kwa Wajaluo, mtu anayedhoofika bila sababu ya wazi huweza kusemwa ana chira, maradhi ya kuvunja mwiko, na tiba ya chira haitafutwi hospitalini. Mwandishi haoni faida ya kuibeza tafsiri hiyo. Ni nadharia ya kukonda, na imejibu swali ambalo zahanati mara nyingi haikulijibu.

Kuna ishara nyingine ambayo neno koo huifanya ipotee kabisa. Mshipa wa fahamu unaoendesha nyuzi za sauti hushuka kifuani kabla ya kupanda tena shingoni, na upande wa kushoto hushuka hadi chini ya mshipa mkuu wa moyo. Uvimbe wa umio ukiufikia, sauti hukwaruza. Mgonjwa ataambiwa ana tatizo la koo, na kwa maana moja ni kweli, lakini chanzo kiko chini, na sauti iliyokwaruza kwa namna hiyo aghalabu huashiria kwamba uvimbe umekwisha kutoka nje ya ukuta wa umio. Kukohoa kila anapokunywa maji ni ishara mbaya zaidi, kwa sababu huenda tundu limetoboka baina ya umio na njia ya hewa.

Kuona ndani

Mwaka 1868, huko Freiburg, Ujerumani, daktari Adolf Kussmaul alitaka kuchungulia ndani ya umio kwa bomba lililonyooka. Nani angekubali kumeza bomba la chuma? Alimtumia mmeza panga wa mazingaombwe, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kunyoosha shingo na umio kwa mstari mmoja. Bomba lilipita, kilichokosekana ni mwanga wa kutosha. Ilipita karibu miaka 90 hadi Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Marekani, alipotumia nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga na kupata mpira unaopindika. Endoskopi ya leo ni mjukuu wa mpira huo: mwembamba kuliko kidole, una kamera nchani, na una njia ya kupitishia koleo dogo.

Kabla ya hapo, au pale ambapo endoskopi haipo, mgonjwa huweza kunyweshwa bariamu, uji mweupe unaoonekana kwenye eksirei. Umio wenye uvimbe huonekana umebanwa ghafla, kingo zake zikiwa zimechongoka. Picha hiyo hushawishi lakini haihukumu. Umio huweza kubanwa na kovu la mtu aliyekunywa magadi makali, na ugonjwa wa misuli ya mlango wa tumbo kushindwa kufunguka, nao hutoa picha inayofanana. Hukumu hutolewa na nyama yenyewe: koleo la endoskopi hunyofoa vipande kadhaa, kwa kawaida 6 au zaidi kwa kuwa kimoja huweza kuangukia sehemu iliyooza, na mpatholojia huvitazama kwa hadubini. Hatua hiyo ndiyo bayopsi.

Hapo ndipo swali la aina hujibiwa, na kijiografia lina kejeli yake. Katika Kenya karibu kila bayopsi yenye saratani hutoa jina moja: saratani ya seli bapa, zile zinazoutandika umio kwa ndani. Katika Uingereza na Marekani jina linaloongoza siku hizi ni jingine, adenokasinoma, saratani ya seli za tezi inayoota chini karibu na tumbo na inayohusishwa na unene na asidi inayopanda. Daktari wa Kisumu akiiona adenokasinoma ya umio ameona kitu adimu, naye mwenzake wa London huuona mara chache zaidi ugonjwa wetu wa kila siku. Kisha zipo zilizo adimu kote: saratani ya seli ndogo, melanoma ya umio, na uvimbe unaoota kwenye misuli. Kuzitenga si anasa ya kitaaluma. Ile ya seli ndogo husambaa mapema, na kwa kawaida hutibiwa zaidi kwa dawa na mionzi kuliko kwa kisu, ilhali uvimbe wa misuli usio saratani huweza kumenywa na kutolewa, umio wenyewe ukabaki.

Ugonjwa huweza pia kutafutwa kabla haujasema. Seli bapa zenye afya huhifadhi glikojeni, na glikojeni ikikutana na aidini hugeuka kahawia. Umio ukinyunyiziwa maji ya Lugol, sehemu nzima hugeuka kahawia, na mabaka yaliyoanza kuharibika hubaki manjano hafifu. Katika Hospitali ya Tenwek, kaunti ya Bomet, ambako mgonjwa wa Kisumu hufika kwa kupanda milima kupitia Kericho, watafiti waliwapima kwa njia hii watu takriban 300 wasio na dalili yoyote. Matokeo yalichapishwa 2016: takriban mmoja kwa kila 7 alikuwa na seli zilizoanza kubadilika. Si wote hao wangepata saratani, lakini ni idadi inayomfanya mtu aweke kikombe chake mezani. Na kikombe nacho kimo mashtakani. Mwaka huohuo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliorodhesha vinywaji vya moto uliozidi nyuzi 65 miongoni mwa vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hii. Tumbaku na pombe, chang'aa ikiwemo, zina kesi nzito zaidi.

Kisu

Uvimbe ukishathibitishwa, picha za CT hutafuta kama umesambaa kwenye ini, mapafu au matezi ya mbali. Ukiwa umesambaa, upasuaji wa kuuondoa hauna faida. Ukiwa haujasambaa, na mgonjwa ana nguvu, swali la kisu huulizwa.

Umio ni kiungo kigumu kupasua kwa sababu ya mahali ulipo na kwa sababu ya umbile lake. Utumbo una ngozi ya nje inayoshika uzi vizuri. Umio hauna, hivyo mshono wake hupasuka kwa urahisi na saratani yake hutoka nje kwa urahisi. Mwaka 1913, New York, Franz Torek alimwondolea mwanamke wa miaka 67 sehemu ya umio iliyomo kifuani. Hakuwa na namna ya kuunganisha ncha mbili zilizobaki. Alitoa ncha ya juu nje ya ngozi, akafungua tundu tumboni, na kati ya matundu hayo mawili akaunganisha mpira. Mgonjwa alikula kwa mpira huo, chakula kikishuka nje ya mwili wake, akaishi zaidi ya miaka 10. Ilichukua muda mrefu kabla madaktari wengine hawajapata matokeo kama hayo.

Mbinu inayotumiwa sana leo hubeba jina la Ivor Lewis, mpasuaji kutoka Wales aliyeieleza 1946. Ina sehemu mbili. Kwanza tumbo hufunguliwa, mfuko wa chakula hukombolewa kutoka kwenye mishipa yake mingi, ukaachiwa mmoja mkuu wa kuulisha damu, kisha hukatwa na kushonwa hadi ukawa mrija mwembamba. Pili, mgonjwa hulazwa kwa ubavu, kifua hufunguliwa upande wa kulia, na pafu la upande huo hunyweshwa ili lisizibe njia. Umio wenye uvimbe hutolewa pamoja na matezi yaliyouzunguka, na mrija ule uliotengenezwa kwa tumbo huvutwa juu kupitia kiwambo na kuungwa na kipande cha umio kilichobaki. Kwa ufupi, tumbo hupanda likawa umio.

Siku zinazofuata humkesha mpasuaji. Muungano ukivuja, vilivyomo humwagika kifuani, na huko ndiko vifo vingi vya upasuaji huu hutokea. Kwa hiyo mgonjwa hawekewi chakula mdomoni kwa siku kadhaa; hulishwa kwa mpira uliopitishwa kwenye utumbo mwembamba. Pale ambapo mionzi na dawa za saratani zinapatikana, huwekwa mbele ya kisu. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa 2012 ulionyesha kwamba waliotanguliziwa tiba hizo waliishi muda wa wastani wa miezi 49, dhidi ya miezi 24 kwa waliopasuliwa tu, na kwamba katika karibu nusu ya wenye saratani ya seli bapa hakuna uvimbe uliokutwa katika umio uliotolewa.

Wengi hawafiki huko. Kwao kuna stenti, mrija wa wavu wa chuma uliokunjwa, unaopitishwa kwa endoskopi hadi penye uvimbe kisha ukaachiwa utanuke. Haiponyi, ila mtu aliyekuwa akitema mate hunywa uji jioni hiyohiyo. Tenwek imekuwa miongoni mwa vituo vya mbele katika kazi hii. Madaktari wake walichapisha 2009 taarifa ya mamia ya wagonjwa waliowekewa stenti, tena bila mashine ya eksirei ya kuongozea, jambo lenye maana kubwa kwa hospitali ambazo hazina mashine hiyo.

Idhini

Turejee kwa neno letu, mahali ambapo linagharimu zaidi. Kabla ya upasuaji mgonjwa hueleweshwa na kutia sahihi. Katika Kisumu maelezo hayo huchanganya Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, kulingana na aliyepo zamu. Sasa msikilize mvuvi wa Dunga akiambiwa kwamba koo lake lina saratani na kwamba litakatwa. Katika Kiswahili kinachokatwa koo ni mbuzi. Hakuna msemaji wa lugha hii asiyelijua hilo, na hakuna daktari aliyekusudia kulisema. Akikataa, ataandikwa kwamba alikataa tiba. Kwa hakika alikataa sentensi, na sentensi yenyewe ilikuwa ya uongo mara mbili: koo halikatwi, na kisu hakipiti shingoni.

Kwa nini wahudumu hawasemi umio? Jibu linalotolewa ni kwamba mgonjwa halijui. Ni kweli, lakini hata stenti hakuijua hadi alipoelezwa. Neno geni lililofafanuliwa kwa kidole huwa salama kuliko neno zoefu linaloelekeza mahali pasipo. Mwandishi angependekeza maneno yanayokaribiana na haya, daktari akiwa ameweka kidole chini ya koromeo la mgonjwa na kukishusha hadi chembe cha moyo: "Baba, chakula chako hupita kwenye mrija huu unaoitwa umio. Hapa kifuani mna uvimbe unaouziba. Tutaingilia tumboni na ubavuni, tuutoe huo mrija, na tumbo lako tulivute juu lishike nafasi yake. Shingo yako hatutaigusa." Kuna hospitali ambako muungano hufanywa shingoni, na huko sentensi ya mwisho itabadilishwa, ndiyo sababu haiwezi kuandikwa mara moja na kubandikwa ukutani nchi nzima.

Maelezo ya baada ya upasuaji ni mepesi zaidi, maana yanahusu sahani, na juu ya sahani kila lugha ya ufuo ina maneno ya kutosha. Tumbo lililogeuzwa mrija halina ghala, kwa hiyo mtu hula kidogo mara 6 kwa siku badala ya mara 3. Hanywi maji mengi pamoja na chakula. Uji wenye sukari nyingi huweza kumtoa jasho na kumwendesha moyo mbio, kwa kuwa hushuka utumboni kwa kishindo. Mlango uliokuwa ukizuia chakula kurudi juu umeondolewa pamoja na umio, hivyo halali chali: hulala ameinuliwa kwa mito, na mlo wa mwisho wa siku huwa umetangulia usingizi kwa saa 2 au 3.